Vincenzo Italiano, kiungo aliyeanza ukocha daraja la nne

Usiku wa tarehe 7 Juni 2023 nililipa shilingi 500 kuingia kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, nikakaa kwenye benchi la nyuma karibu na feni, nikasubiri fainali ya Ligi ya Konferensi ya Ulaya kati ya Fiorentina na West Ham, iliyokuwa ichezwe mjini Prague kuanzia saa nne usiku kwa saa zetu. Watu hawakuwa wengi. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu Yanga waifunge USM Alger bao 1-0 kule Algiers na bado wakalikosa Kombe la Shirikisho Afrika kwa kanuni ya bao la ugenini, na wateja wengi wa kibanda kile walikuwa wameapa kwamba mwezi ule hawataki tena kuona kitu kinachoitwa fainali. Waliokuja walikuja kwa ajili ya West Ham, kwa kuwa Ligi Kuu ya Uingereza ndiyo ambayo wachezaji wake wanawajua kwa majina na kwa namba za jezi. Mimi nilikuja kwa ajili ya kocha wa Fiorentina, Vincenzo Italiano. Jirani yangu wa benchi aliponiuliza huyo ni nani na aliwahi kuchezea wapi, nilijikuta natoa jibu refu kuliko alivyotaka, hadi akageuza uso na kuendelea na karanga zake. Ninayoyaandika hapa ni jibu lile, safari hii likiwa limepangwa.

Italiano alizaliwa tarehe 10 Desemba 1977 mjini Karlsruhe, Ujerumani, na wazazi wa Kisicilia. Yaani mtu ambaye jina lake la ukoo lina maana ya Mwitaliano alizaliwa nje ya Italia, utani ambao bila shaka umemchosha masikio tangu utotoni. Alikulia Ribera, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Sicily katika mkoa wa Agrigento, unaojulikana Italia nzima kwa machungwa yake. Soka alilianzia katika klabu ya Trapani, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa, mji wa bandari na mashamba ya chumvi, na mwaka 1996, akiwa na miaka 18, akavuka bahari na kuikata nchi karibu yote kutoka kusini hadi kaskazini, akajiunga na Hellas Verona. Huko ndiko alikotumia sehemu kubwa ya ujana wake wa kisoka.

Nafasi yake uwanjani ilikuwa kiungo wa kati, yule anayesimama mbele ya mabeki na kuchezesha timu kutoka chini. Waitaliano humwita regista, neno hilohilo wanalotumia kwa mwongozaji wa filamu, na tofauti na mabeki au washambuliaji, kazi yake haionekani vizuri kwenye televisheni. Mimi mwenyewe nilicheza nafasi hiyo kwa miaka tisa katika ligi ya mchangani, kwenye kiwanja chenye mteremko upande wa goli la kaskazini, kwa hiyo naomba niruhusiwe kuieleza. Beki anapokuwa na mpira, wewe unatakiwa uwe umeshatazama nyuma ya bega lako mara mbili kabla mpira haujakufikia, kwa sababu ukishaupokea huna nafasi ya kutazama tena. Mtu wa kwanza anakujia kutoka mbele na wa pili anakujia kutoka mahali usipomwona. Unapaswa kujua winga wako yuko wapi, beki wa pembeni wa wapinzani amesimama vibaya kiasi gani, na kama mshambuliaji wako amechoka au la, kwani pasi nzuri kwa mtu aliyechoka ni mpira uliopotea. Ukifanya hayo yote vizuri, mtangazaji atamsifu aliyefunga. Ukikosea mara moja, jina lako litatajwa. Nadhani mtu aliyeishi miaka 20 katika kazi ya namna hiyo anakuwa tayari nusu kocha bila mwenyewe kujua, maana muda wote ambao wenzake wanautazama mpira, yeye anawatazama wenzake.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba alikuwa nyota. Hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya Italia, wala hakuchezea Juventus, Milan au Inter. Alikuwa fundi wa klabu za kati, za kupanda na kushuka, na Verona ya enzi zake ilikuwa shule kamili ya jambo hilo: walishuka kutoka Serie A, ligi kuu ya Italia, mwaka 1997, wakarudi mwaka 1999 chini ya kocha kijana aliyeitwa Cesare Prandelli, na mwaka 2001 wakaponea chupuchupu katika mechi za mchujo dhidi ya Reggina. Kisha ukaja msimu wa 2001/02, ambao hadi leo nikiusoma kwenye kumbukumbu naona kama hadithi ya kutungwa. Chini ya Alberto Malesani timu ile ilikuwa na Mauro Camoranesi, Massimo Oddo na Alberto Gilardino, vijana watatu ambao miaka minne baadaye wangetwaa Kombe la Dunia na Italia, na mbele yao alikuwamo Adrian Mutu. Italiano alikuwa mmoja wa viungo wa timu hiyo. Siku ya mwisho ya ligi, tarehe 5 Mei 2002, walikwenda Piacenza, wakafungwa mabao 3-0, wakashuka daraja. Dunia ya soka siku hiyo ilikuwa ikiitazama Roma, ambako Inter walikuwa wakiupoteza ubingwa mbele ya Lazio, na msiba wa Verona ukapita kama msiba wa mtu wa mbali. Wenye vipaji vikubwa waliuzwa mmoja baada ya mwingine, naye kiungo wa Ribera akabaki kucheza Serie B, daraja la pili.

Miaka iliyofuata naipitia haraka, kwa sababu yeye mwenyewe aliipita kwa mwendo wa mtu anayetafuta riziki. Alipitia Genoa. Akaenda Chievo, klabu ya kitongoji cha mji uleule wa Verona, jambo ambalo kwa mashabiki wa Hellas ni kama mtu kuhama Simba kwenda Yanga, ingawa kwa hasira ndogo zaidi, na huko akawa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Serie B msimu wa 2007/08 chini ya Giuseppe Iachini. Mwaka 2009 akahamia Padova, ambako mwaka 2011, pamoja na kijana aliyekuwa kwa mkopo aitwaye Stephan El Shaarawy, walifika fainali ya mchujo ya kupanda Serie A wakafungwa na Novara. Baada ya hapo akashuka hadi daraja la tatu, akacheza Perugia, na mwisho Lumezzane, mji wa bondeni katika mkoa wa Brescia unaoishi kwa viwanda vya mabomba ya maji na vyombo vya jikoni. Msimu wa 2013/14 ulipokwisha alikuwa na miaka 36, na alikuwa amecheza karibu kila aina ya mechi ambayo soka la Italia linaweza kumpa mtu, isipokuwa zile zinazotengenezewa mabango.

Mtu asiyeifuata Italia anaweza kudhani kwamba mchezaji wa namna hii akistaafu hupewa timu moja kwa moja. Hupewa, lakini si timu ambayo angeiota. Ngazi ya soka la huko imepangwa hivi: juu ipo Serie A yenye timu 20, inafuata Serie B yenye timu 20, kisha Serie C yenye timu 60 zilizogawanywa katika makundi matatu, na chini yake Serie D, daraja la nne, lenye makundi tisa na timu zaidi ya 150, ambako ni bingwa tu wa kila kundi anayehakikishiwa kupanda. Wachezaji wengi wa Serie D wana kazi nyingine ya kujikimu au wako masomoni. Viwanja vingine vina jukwaa upande mmoja tu. Na rais wa klabu mara nyingi ni mfanyabiashara wa mji uleule anayelipa mishahara kutoka mfukoni mwake na kwa hiyo anaamini kwamba anajua soka kuliko kocha. Waitaliano wana msemo kuhusu makocha: wanauliza kama fulani "atakula panettone", yaani mkate mtamu wa Krismasi, wakimaanisha kama atafika Desemba kabla hajafukuzwa. Wengi hawali.

Italiano alianzia huko chini kabisa. Alifundisha kwanza vijana, kisha akawa kocha wa Vigontina San Paolo ya Serie D katika mkoa wa Padova, na msimu wa 2017/18 akawa Arzignano, mji wa Vicenza ambao jina lake wafanyabiashara wa ngozi duniani kote wanalijua kuliko mashabiki wa soka, kwa kuwa ni mojawapo ya vituo vikubwa vya kuchakata ngozi barani Ulaya. Timu yake ilishinda mechi za mchujo za kundi, ushindi ambao katika Serie D hauhakikishi kupanda daraja. Unakuweka tu kwenye foleni ya kusubiri kama kuna klabu ya juu itakayofilisika. Klabu haikupanda msimu ule. Yeye alipanda, kwani Trapani, klabu ya ujana wake, ilimwita.

Sehemu hii ya Trapani naipenda kuliko zote, pengine kuliko hata ile ya vikombe. Klabu ilikuwa katika hali mbaya ya fedha, umiliki wake haukuwa umetulia, na mtu mwenye busara angesema lengo la msimu wa 2018/19 ni kubaki Serie C na kulipa madeni. Italiano akaipanga icheze 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu na washambuliaji watatu, ikabe juu, na ianzishe mashambulizi kutoka kwa kipa hata ugenini. Walimaliza wa pili nyuma ya Juve Stabia, wakaingia katika mchujo ule mrefu wa Serie C unaokutanisha timu kutoka makundi yote matatu kugombea nafasi mbili tu zilizobaki, wakawatoa Catania katika pambano la Wasicilia kwa Wasicilia, na katika fainali wakatoka sare ya 0-0 kule Piacenza kabla ya kushinda 2-0 nyumbani mwezi Juni 2019. Bao moja lilifungwa na M'Bala Nzola, mshambuliaji mzaliwa wa Angola aliyekulia Ufaransa. Jina hilo lishikwe, maana kocha huyu alimchukua tena kila alipopata nafasi: Trapani, Spezia, na miaka minne baadaye Fiorentina. Na mji uliomshusha Serie B mwaka 2002 ni huohuo, Piacenza. Sijui kama alilifikiria usiku ule. Mimi ningelifikiria.

Kiangazi hichohicho akachukuliwa na Spezia, klabu ya mji wa bandari ya jeshi la majini katika mkoa wa Liguria. Historia ya klabu hiyo ina kisa kimoja ambacho siwezi kukiruka: mwaka 1944, katikati ya vita, timu yao iliyocheza kama kikosi cha zimamoto cha mji ilitwaa ubingwa wa michuano ya kaskazini mwa Italia kwa kuifunga Torino iliyokuwa ikitisha wakati ule, na shirikisho lilikuja kuutambua ubingwa huo kwa heshima mwaka 2002. Nje ya hapo, hadi wakati ule Spezia walikuwa hawajacheza Serie A hata mara moja.

Hapa sharti nimtaje mtu wa pili, kwa sababu bila yeye simulizi hii inaonekana kama matunda ya kipaji kitupu. Michele Marcolini alikuwa kiungo pamoja na Italiano pale Chievo. Ni watu wa rika moja, wa aina moja ya soka, waliozunguka klabu za namna moja. Marcolini ndiye aliyetangulia kuwa kocha na alionekana kuwa mbele: mwaka 2018 aliipa Alessandria Kombe la Italia la Serie C, na mwaka 2019 akapewa Chievo yenyewe katika Serie B, katika msimu uleule ambao Italiano aliingia Spezia. Mapema mwaka 2020 Chievo wakamfukuza. Kisha ikaja korona, ligi ikasimama, ikaendelea katikati ya joto la kiangazi bila mashabiki, na katika nusu fainali ya mchujo Spezia wakapangiwa Chievo. Wakafungwa 2-0 kule Verona, wakageuza matokeo nyumbani kwa 3-1, wakapita kwa kuwa walimaliza juu zaidi katika msimamo. Marcolini alirudi kufundisha Serie C. Nikiwaweka wawili hawa sambamba, sioni tofauti kubwa ya akili wala ya bidii. Naona klabu moja iliyovumilia na nyingine ambayo haikuvumilia. Spezia nao walianza msimu ule vibaya, na wangeweza kabisa kumnyima kocha wao mkate wa Krismasi.

Fainali dhidi ya Frosinone ilichezwa mara mbili katika siku nne. Tarehe 16 Agosti 2020 Spezia walishinda ugenini 1-0 kwa bao la Emmanuel Gyasi, na tarehe 20 wakafungwa 1-0 kwenye uwanja wao wa Alberto Picco. Jumla ikawa 1-1, na kwa mara nyingine nafasi yao katika msimamo ikawabeba. Niliitazama mechi ya pili kwenye simu, kwa mtandao uliokatika kila dakika tano, na nakumbuka kitu kimoja kuliko bao lenyewe: kwa sababu majukwaa yalikuwa matupu, sauti za makocha zilisikika wazi, na sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya mtu akiwaamrisha mabeki wasogee mbele. Timu inaongoza kwa jumla kwa kanuni tu, imebakiza dakika chache kuingia Serie A kwa mara ya kwanza katika historia yake, na benchi linaita mabeki watoke nyuma! Nilicheka peke yangu chumbani.

Msimu uliofuata kila mtu aliwapa Spezia nafasi ya mwisho. Uwanja wao ulikuwa bado unakarabatiwa ufikie viwango vya Serie A, kwa hiyo mechi ya kwanza ya "nyumbani" waliichezea Cesena, mbali na kwao, wakachapwa 4-1 na Sassuolo. Siku tatu baadaye walishinda 2-0 kule Udine. Januari wakaifunga Napoli 2-1 ugenini, na tarehe 13 Februari 2021 wakaifunga Milan, waliokuwa wakiongoza ligi, mabao 2-0 bila ya Milan kupata nafasi ya maana. Bao la kwanza lilikuwa la Giulio Maggiore, kijana wa mji uleule wa La Spezia. Nzola alifunga mabao 11 katika ligi. Walimaliza wa 15 kwa pointi 39, na bajeti ambayo klabu kubwa ingeitumia kwa mchezaji mmoja wa akiba.

Sasa Fiorentina, klabu ya mji wa Florence, ambako ndiko wengi wetu tulikomfahamu. Alifika kiangazi cha 2021, baada ya Gennaro Gattuso kuondoka hata kabla hajasimamia mechi moja. Klabu ilikuwa imemaliza ya 13 kwa pointi 40. Yeye akaifikisha ya saba kwa pointi 62, tena katika msimu ambao Januari yake mshambuliaji Dušan Vlahović aliuzwa Juventus. Kwa kipimo chochote kile hiyo ni kazi kubwa, na ilirudisha mashindano ya Ulaya Florence baada ya miaka kadhaa ya ukame.

Lakini Florence pia ndiko kasoro yake ilikoonekana mbele ya watu. Soka lake linategemea safu ya ulinzi inayosimama juu, karibu na mstari wa katikati, ili uwanja uwe mfupi na timu iweze kumbana mwenye mpira palepale alipo. Nyuma ya mabeki hao kunabaki kiwanja kitupu cha karibu mita 40. Kiwanja hicho hakina hatari maadamu mtu mwenye mpira hapewi muda wa kuinua kichwa. Akipewa sekunde mbili tu, kila kitu kinabomoka.

Ndivyo ilivyotokea Prague. West Ham walipata penalti baada ya mpira kumgonga Cristiano Biraghi mkononi, Saïd Benrahma akafunga. Dakika tano baadaye Giacomo Bonaventura akasawazisha kwa shuti safi. Kabla ya hapo Biraghi huyohuyo alikuwa amepasuliwa kichwa na kitu kilichorushwa kutoka jukwaani, akaendelea na mchezo akiwa amefungwa bendeji. Fiorentina walikuwa na mpira kwa muda mwingi zaidi, na pale kibandani watu walianza kuzungumzia muda wa ziada. Dakika ya 90 mpira ukamfikia Lucas Paquetá katikati ya uwanja, akageuka, na hakuna aliyekuwa karibu naye. Hapo ndipo nilipofumba macho, maana mtu aliyecheza kiungo anaiona pasi kabla haijapigwa. Jarrod Bowen alikwishaanza kukimbia nyuma ya Igor, beki aliyekuwa ameingizwa dakika chache tu zilizopita, akabaki yeye na kipa Pietro Terracciano, akafunga. Mabao 2-1. Wiki mbili kabla walikuwa wamefungwa na Inter kwa matokeo hayohayo katika fainali ya Kombe la Italia.

Mwaka uliofuata walirudi tena fainali ya Ligi ya Konferensi, safari hii Athens, tarehe 29 Mei 2024, mwisho wa msimu ambao klabu ilimpoteza mkurugenzi wake mkuu, Joe Barone, aliyefariki mwezi Machi. Mpinzani alikuwa Olympiacos. Dakika ya 116, Ayoub El Kaabi wa Morocco akafunga kwa kichwa, mwamuzi akasubiri uamuzi wa VAR, wasaidizi wake wa video, kwa muda mrefu kuliko moyo wa mtu unavyoweza kustahimili, bao likakubaliwa, na Olympiacos wakawa klabu ya kwanza ya Ugiriki kutwaa kombe la Ulaya. Fainali tatu, tatu zote amepoteza, zote kwa tofauti ya bao moja.

Baada ya hapo methali yetu ya jogoo wa shamba kutowika mjini ingemfaa sana mchambuzi yeyote aliyekuwa akitafuta kichwa cha habari. Lawama zilifanana: kwamba ni kocha wa madaraja ya chini aliyefika mbali kuliko kimo chake, kwamba mbinu inayowapumbaza mabeki wa Serie C haiwezi kuwapumbaza watu kama Paquetá, kwamba fainali hazichezwi kwa moyo wa mechi ya mchujo. Sikubaliani na sehemu kubwa ya maneno hayo, ingawa sikatai kwamba bao la Bowen lilikuwa na chanzo chake kwenye ubao wa kocha. Ninachokataa ni kule kudhani kwamba madaraja ya chini ndiyo yaliyomfanya awe mzembe. Ukichunguza, ni kinyume chake. Makocha wengi wa Serie C na D hufundisha kwa woga, wanapanga watu wengi nyuma na kuomba sare, kwa sababu ya yule rais mwenye kiwanda anayesubiri kumfukuza mtu. Kucheza wazi katika mazingira hayo ndiko kugumu. Mtu aliyekuwa radhi kupoteza kazi Arzignano kwa ajili ya namna anavyotaka timu icheze hawezi kuanza kujificha akifika Prague, na kama angejificha, sidhani kama angefika huko. Ila ningekuwa mimi, nikiwa na dakika moja imebaki na beki aliyetoka benchi bado hajapata joto, ningewarudisha nyuma hatua kumi. Pengine ndiyo sababu mimi niliishia ligi ya mchangani.

Kiangazi cha 2024 akaenda Bologna kumrithi Thiago Motta, ambaye alikuwa ameifikisha klabu Ligi ya Mabingwa kisha akaenda Juventus. Mwanzo ulikuwa mzito, kwani timu ilikuwa imeuza baadhi ya nguzo zake, lakini tarehe 14 Mei 2025 walicheza fainali ya Kombe la Italia mjini Roma dhidi ya Milan. Bologna walikuwa hawajalishika kombe hilo tangu 1974. Nilikwenda palepale kibandani, ambako sasa kiingilio kimefika shilingi 1,000 na feni imehamishiwa kwa wateja wa mbele. Dakika ya 53 Dan Ndoye akafunga, na kwa dakika zote zilizobaki nilikuwa naihesabu ile mita 40 nyuma ya mabeki kama mtu anayehesabu deni lake. Bao halikurudi. Kipenga kikalia, ikawa 1-0.

Jirani yangu wa Prague alikuwapo pia, safari hii benchi la mbele. Akageuka, akaniuliza kama huyu ndiye yule kocha wangu aliyelizwa na West Ham, nikamwambia ndiye. Akataka kujua amebadilisha nini. Nikamjibu kwamba hajabadilisha chochote, ila leo Milan hawakuwa na Bowen, na nikamwomba karanga.